Vidole Vinne Chini

Mukubwa wangu alinunua darubini ya bunduki Kampala, akaileta Bunia imefungwa ndani ya suruali ya zamani, na tangu siku ile tukaacha kabisa kusikilizana. Si kwamba mbeleni tulisikilizana. Siye wawili tumegombana tangu nilipojua kusema, na kama mama angekuwa hai angekuambia kwamba neno langu la kwanza lilikuwa "hapana", na nilimwambia yeye. Ninamwita yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu aliyetangulia kuzaliwa, na kwa miaka mingi neno hilo nililitema kama makapi ya muwa.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya baba. Baba aliwinda kwa ajili ya shamba la ng'ombe upande wa Fataki: chui wanaokula ndama, nguruwe wa pori, na mara moja moja mbogo aliyekataa kuondoka kwenye malisho. Ilikuwa bunduki nzito ya risasi nene, yenye alama za chuma tu juu ya mtutu, na baba hakuwahi kuifunga kioo chochote. Alipokufa ikaenda kwa yaya kwa sababu yaya ni wa kwanza, basi. Permi, ile karatasi ya ruhusa ya bunduki, ikaandikwa jina lake. Mimi ndiye niliyekuwa na jicho. Sisemi hivyo kwa majivuno, kila mutu nyumbani anajua, baba mwenyewe alijua, na bado alimpa yeye. Hiyo kitu niliimeza miaka ishirini na haikushuka.

Baba alituachia kanuni mbili. Ya kwanza: anayeshika bunduki hahesabu umbali. Alisema mutu akisha kuweka jicho kwenye bunduki anamuona nyama karibu kwa sababu anamtaka. Kwa hiyo kuna mwingine, anasimama nyuma ya bega la kushoto, na kazi yake ni kusema vitu viwili kwa sauti ya chini: kamba ngapi, na weka wapi. Kamba ni ile ya katani ambayo baba alizungushia zizi la ndama, hatua ishirini na tano, na siye tulikua tukipima nayo kila kitu mpaka tukaibeba kichwani. Kamba mbili, katikati. Kamba tano, panda kidogo. Muhesabu anasema, mwenye bunduki anafyatua. Tangu baba afariki, muhesabu ni mimi.

Kanuni ya pili ni fupi zaidi. Aliyejeruhi ndiye anaingia mbele. Ukimpiga mbogo vibaya akakimbilia kwenye matete, humtumi ndugu yako, humtumi mwenye kijiji, unaingia weye na miguu yako. Na mbogo aliyejeruhiwa hakimbii, anageuka, anasimama kimya karibu na njia yake mwenyewe na kukungoja. Nimewajua wanaume wawili walioingia namna hiyo. Tulizika mmoja, na mwingine tulizika sehemu. Ndiyo maana kwetu maneno yote ya bunduki yanaishia kwenye risasi ya kwanza: ikienda vizuri unarudi nyumbani, ikienda vibaya unaingia.

Sasa, kulikuwa na mbogo dume, peke yake, pembe moja imevunjika, kule chini kwenye bonde la Semliki. Alikuwa amehamia kwenye mashamba ya muhogo na amekataa kutoka. Aliua mama mmoja aliyekuwa anachimba muhogo wake mwenyewe, na wengine wakaacha kwenda shambani. Chefu wa kijiji cha pale akaandika barua, barua ikazunguka mabiro ya serikali Bunia, na mwisho ikaangukia kwa yaya kwa sababu permi yake ni moja kati ya chache ambazo bado ziko na stempu zote. Alinipigia simu, hata hakunisalimia. "Mudogo, tuko na kazi. Kuja uone bunduki." Nikaenda.

Nilimkuta nyumbani kwake Mbunya, saa sita ya mchana, siku ya Posho, yaani Jumamosi, amelaza bunduki juu ya meza ya kulia, imekaa kati ya mifuko miwili ya maharagi isitikisike. Darubini mpya ilikuwa imeshafungwa juu, nyeusi, inang'aa. Alikuwa ametoa kile chuma cha nyuma kinachofunguka na kufunga, akawa anachungulia ndani ya mtutu kama unavyochungulia bomba. Mbali, juu ya paa za watu, kulikuwa na antena ya simu na taa yake nyekundu. Akaisogeza bunduki mpaka ile taa ikakaa katikati ya tundu la mtutu. Kisha, bila kuitikisa, akazungusha skrubu za darubini mpaka msalaba wa ndani ukaangukia taa ileile. Akanyoosha mgongo. Akaniambia bunduki imekwisha kurekebishwa.

"Imerekebishwa na nini?" nikamuuliza. "Hujapiga hata risasi moja."

"Na sitapiga. Hii ni deux cents mètres. Fundi wa Kampala alinieleza. Wazungu wote wanarekebisha pale."

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo mguu ulipotea. Jicho linaenda sawa. Risasi haiendi sawa, inaanza kuanguka palepale inapotoka mdomoni mwa bunduki, na kadiri inavyoenda ndivyo inavyozidi kuanguka. Ukichungulia ndani ya mtutu unaona pale chuma kinapoelekea. Huoni pale risasi itakapofika. Kuchungulia ni kazi ya mwanzo tu, ya kukupeleka karibu na karatasi. Baada ya hapo unapiga risasi tatu, unaangalia matundu, unazungusha skrubu, unapiga tena. Yeye alifanya ile ya mwanzo akaiita ya mwisho. Bunduki yake haikuwa ya mita mia mbili wala ya mita kumi. Ilikuwa inapiga chini pahali popote, na bila matundu ya karatasi ungekisia tu chini kiasi gani.

Na hata hiyo mia mbili yenyewe ilikuwa upumbavu. Nilimwambia hivyo. "Yaya, mule bondeni majani yanakufika kichwani. Ukimuona mbogo mbali sana ni kamba ine. Hao wazungu wapige mia mbili kule kwao kwenye uwazi. Weye rekebisha kwa kamba tatu. Ukirekebisha kwa kamba tatu, kutoka miguuni mwako mpaka kamba tano huna haja ya kufikiri, unaweka msalaba pale unataka risasi iingie, basi."

"Weye ulisoma wapi?"

"Kwa baba. Palepale weye ulikuwa unalala."

Hakucheka. Akaniangalia na yale macho yake ya mutu wa kwanza. "Unataka nipige risasi hapa Bunia? Piga weye, halafu ueleze watu."

Hapo alinikamata, na ndicho kilinikasirisha kuliko yote. Kwetu risasi haina maana ya mazoezi. Mlio mmoja tu na avenue inakauka watu: wamama wanafunga magodoro, motari wanageuza pikipiki na abiria juu, wanafunzi wanaruka madirisha ya darasa, na kesho yake utasikia kwamba mama fulani alijifungua njiani. Wawindaji wote wa hapa wanajua aibu hiyo, na wengi wanafanya kama yeye, wanachungulia mtutu na kumwachia Mungu. Si kosa la wajinga. Ni kosa la watu waliochoka kukimbia na hawataki kukimbiza wengine. Yaya alisema, "Sitatisha watu juu ya matundu tatu kwenye karatasi," na alikuwa na haki, na nilitamani kumpiga kofi.

Nikamwambia kuna karyeri ya mawe nje ya mji, pale wanapopasua kokoto, aombe ruhusa kwa wasoda, wale askari, wapige mbiu siku mbili mbele. Akasema ni kelele nyingi kwa kitu kidogo. Nikasema, "Hiyo bunduki itapiga chini. Nimekuambia mbele ya bibi yako." Bibi yake, shemeji yangu, alikuwa anasimama mlangoni na sahani za sombe, mboga ya majani ya muhogo, akingoja tuondoe bunduki kwenye meza yake. Yaya akachukua plasta ya kidonda, akaibandika kwenye kitako cha bunduki, akaandika juu yake na biki maneno aliyotoa kwenye simu: kamba tatu, shusha vidole vitatu, kamba ine, shusha kiganja. Maana bunduki iliyorekebishwa kweli kwa mita mia mbili inapiga juu kidogo katikati ya njia, kwa hiyo unalenga chini. Hiyo ni sawa, kwa bunduki iliyorekebishwa. Akapigapiga plasta ikashika. "Sasa muhesabu ni huyu," akasema, "na hana mdomo mrefu."

Tulikula. Sombe ilikuwa na chumvi nyingi na hakuna aliyethubutu kusema.

Bonde tulilifikia kwa moto mbili, pikipiki za kukodi, bunduki mgongoni mwake, panga na mfuko mgongoni mwangu, vizuizi vinne, na kila kizuizi alitoa ile karatasi ya stempu kama mchungaji anavyotoa Biblia. Chefu alitupokea uwanjani kwake asubuhi. Wamama wa mashamba walikuwa wamekuja, wamekaa chini na majembe yao, wanataka kumuona mwenye kuua ile kitu. Mume wa yule marehemu alikuwepo pia, amesimama pembeni. Chefu akamshika yaya mkono, akauliza, "Na uyu mwenzako naye ni muwindaji?"

Yaya akasema, "Uyu ni wa kubeba na kuhesabu tu. Bunduki haijui mkono yake."

Watu wakacheka. Wamama wakacheka, hata mume wa marehemu akatabasamu kidogo. Ninajua kwamba hawakucheka kwa ubaya. Watu waliokaa na hofu wanacheka na kitu chochote. Lakini nilisimama pale na mfuko wake mgongoni, umri wangu huu, mvi hizi, na nikamchukia. Sitaki kupamba. Nilimchukia ndugu yangu wa tumbo moja kwa roho yote, na nilitembea nyuma yake saa tatu nikimchukia, nikitazama kisogo chake, nikitazama ile plasta kwenye kitako cha bunduki inapanda na kushuka.

Tulimpata jua likiwa karibu kichwani. Upepo ulikuwa unatujia usoni, vizuri. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa matete, ubavu wote wazi, pembe moja nzima na nyingine kigongo, anatafuna. Sikuwa nimewahi kuona mbogo anayesimama vizuri vile. Yaya akapiga goti, akaweka bunduki juu ya kichuguu kidogo kilichokuwa mbele yetu, akavuta pumzi. Mimi nikachukua pahali pangu, nyuma ya bega la kushoto.

"Ngapi?" akanong'ona.

Nikahesabu. Kamba moja mpaka kwenye majani yaliyolala, ya pili mpaka kwenye mti uliokauka, ya tatu kwenye maji, ya ine miguuni mwa mbogo. "Ine," nikasema.

Na akangoja. Hiyo ndiyo sitaisahau. Alikuwa na darubini yake, alikuwa na plasta yake, alikuwa amenidharau mbele ya kijiji kizima, na bado akangoja, sikio lake limegeuka kidogo upande wangu, kwa sababu miaka ishirini alikuwa amesikia vitu viwili kutoka pale nyuma ya bega na leo alikuwa amesikia kimoja tu. "Weka wapi?" akasema.

Nilijua. Kwa ile bunduki isiyorekebishwa, kwa kamba ine, ilikuwa ni kupanda kiganja kizima. Na plasta ilikuwa inamwambia ashuke kiganja. Akifuata plasta atapiga karibu shibiri nzima chini ya pale anapotaka, na chini ya moyo wa mbogo kuna mguu, na chini ya mguu kuna hewa. Nilikuwa na neno moja la kusema, "panda", neno dogo namna hiyo. Nikasema, "Soma plasta yako."

Akaitupia plasta jicho. Kisha akainamisha bunduki nywele moja, akafyatua.

Mbogo alianguka kwa magoti ya mbele kama anataka kusali, na kwa sekunde moja nikafikiri nimekosea, bunduki iko nzuri, na sitasikia mwisho wake mpaka nife. Kisha akasimama. Mguu wa mbele ulikuwa unaning'inia. Akageuka na mitatu, akaingia kwenye matete, na matete yakafunga nyuma yake. Baadaye hakuna sauti. Hata ndege.

"Nimepiga wapi?" yaya akauliza.

"Mguu."

"Juu ya nini mguu? Niliweka kiganja chini, kama vile inafaa."

Hapo nilikuwa na nafasi ya pili. Nilifungua mdomo. Ningemwambia, bunduki inapiga chini, nipe mimi, ama vua hiyo darubini utumie alama za baba, ama twende tulete watu na mbwa. Kilichotoka ni, "Tungoje akauke kidogo." Hiyo ni kweli pia, unangoja damu imchoshe. Tukangoja. Yaya akavuta sigara, akavuta ya pili. Hakuniomba niende naye. Kanuni ni kanuni, na yeye ndiye aliyekuwa akinisomea kanuni tangu utoto. Aliniachia sigara zilizobaki, akasimama, akafuata damu.

Nikamuona anaingia. Nikahesabu hatua zake kwa sababu sijui kufanya kingine. Kumi na tatu. Kisha nikasikia kishindo, mlio wa bunduki, na sauti ya yaya ambayo sijawahi kuisikia, si kilio, ni kama mutu anayeitwa na mutu asiyemtarajia.

Darubini, ukitaka kujua, ndani ya matete haina kazi. Inavuta kila kitu karibu, na kitu kikiwa tayari karibu unaona manyoya meusi tu, hujui ni kichwa wala tumbo. Alipiga manyoya. Nilipofika mbogo alikuwa juu yake, anamsukuma kwenye tope kwa kichwa, anamkanda kama mama anavyokanda bugali, na mguu wa kulia wa yaya ulikuwa umeelekea pahali ambapo mguu hauelekei. Bunduki ilikuwa imeanguka hatua mbili pembeni. Nikaiokota, nikaisukuma risasi, nikaweka mdomo wa mtutu nyuma ya sikio la mbogo, hata sikutazama kwenye kioo, nikafyatua. Akaanguka juu ya ule mguu. Nililia nikivuta, nikaita watu, walikuja na tipoyi ya miti na blanketi, wanaume wanane, na mume wa yule marehemu akashika upande wa kichwa mpaka barabarani.

Hospitali ya Bunia walikata juu ya goti.

Sasa sikiliza kilichofuata. Nikawa shujaa. Bondeni walikula nyama na kuimba jina langu. Kanisani mchungaji aliniita mbele, watu wakapiga makofi, mama wazee wakanishika mashavu. Motari wa pale Mbunya wanasimamisha moto kunisalimia: "Muzee, ni weye uliuwa mbogo na mkono moja?" Nasema ndiyo, nasema hapana, ni sawasawa. Na yaya aliporudi nyumbani, Jumapili moja baada ya ibada, aliita ndugu wote kwenye uwanja wake, wakaleta pombe ya mandro kwenye madumu, akakaa kwenye kiti cha plastiki, suruali imekunjwa na kufungwa kwa pini, akasema mbele ya watu wote kwamba baba alikosea. Alisema hivyo. Alisema bunduki ilikuwa yangu tangu mwanzo, kwamba niliingia matete kwa ajili yake bila kitu mkononi, kwamba kila siku anayoamka ni mimi niliyempa. Akanipa bunduki kwa mikono miwili. Nilikuwa nimelala usingizi miaka ishirini nikiota siku ile, na ilipofika nilitaka ardhi inimeze.

Nilisema asante. Ningesema nini kingine mbele ya watu wale?

Ikaendelea hivyo. Kila nikipita kwake, ananishukuru. Ananiwekea kipande cha samaki cha mbele. Yeye, ambaye hakunisalimia kwenye simu maisha yake yote, ananiuliza kama nimelala vizuri. Kutukanwa naye nilikuwa nimezoea, nilijua pa kuweka matusi yake. Shukrani zake sikujua pa kuziweka. Nilianza kupita avenue nyingine.

Mwisho nikafanya kile alichokataa. Permi ikabadilishwa ikawa yangu, nikaomba ruhusa kwa wasoda, wakanipa saa moja kwenye karyeri ya mawe. Siku mbili nzima mwenye megafoni alipita akisema kutakuwa na milio, musikimbie, ni mazoezi ya muwindaji. Wengine walifunga magodoro hata hivyo, na sikuwalaumu. Niliweka karatasi kwa kamba tatu, duara nyeusi ya mkaa katikati. Sikugusa skrubu za darubini, nilitaka kuziona kama yeye alivyoziacha. Nikalala chini, nikaweka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, nikapiga risasi tatu.

Matundu matatu yalikaa pamoja, unaweza kuyafunika kwa mdomo wa kikombe. Chini ya duara. Nikaweka mkono wangu juu ya karatasi: vidole vinne chini, sawasawa. Bunduki haikuwa na ugonjwa wowote. Nikazungusha skrubu, nikapiga tena, nikazungusha, nikapiga, mpaka matundu yakaingia ndani ya mkaa. Kazi ya saa moja, kweli, na bado dakika zilibaki. Wasoda wakanipigia makofi, nami nikakunja ile karatasi ya kwanza nikaiweka mfukoni.

Nilienda kwa yaya mchana uleule. Sijui kwa nini sikuichoma. Nafikiri nilitaka anitukane. Nilitaka asimame na fimbo yake anifukuze kwenye uwanja wake kwa maneno yale ya zamani, ili kila mutu arudi pahali pake. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake chini ya paa, na shemeji amekaa karibu kwenye kigoda, anachambua maharagi kwenye beseni. Akanikaribisha kama mgeni. Nikakataa kukaa. Nikafungua karatasi, nikamwekea kwenye paja zima.

Aliitazama. Aliweka vidole vyake vinne kati ya mkaa na matundu, vikajaa. Alikuwa muwindaji, hakuhitaji maelezo.

"Kamba ngapi?" akauliza.

"Tatu. Skrubu kama vile uliziacha."

Shemeji akaendelea na maharagi, tak, tak, mawe upande huu, maharagi upande huu.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Hata pale kwenye kichuguu? Nilipokuuliza niweke wapi?"

"Hata pale, yaya. Ilikuwa kupanda kiganja. Nilikuwa na neno mdomoni nikalifungia. Juu ya vile ulinisema mbele ya watu."

Nikangoja matusi. Nilikuwa nimejitayarisha. Yaya akakunja karatasi mara mbili, polepole, akaipitisha kati ya vidole mpaka mikunjo ikawa mikali. Alipoongea hakuniangalia.

"Siku ile ya meza," akasema, "ulivyosema itapiga chini. Nilikusikia. Usiku nilichukua simu, nikasoma, nikaona iko kweli. Nilijua lazima nipige risasi kwanza. Karyeri nilijua, ruhusa wangenipa."

"Sasa juu ya nini hukupiga?"

"Juu ya vile ni weye ulisema."

Nilisimama pale na mikono yangu. Kuku wa jirani alipita kati yetu, akachagua harage lililoanguka, akaenda.

Shemeji alikuwa ameacha kuchambua. Aliweka beseni chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akamtazama bwana yake, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama mutu anayetafuta ni nani kati ya watu wawili aliyevunja sahani. Hakupandisha sauti.

"Na mimi ndiye naosha kile kigutu," akasema, akaingia ndani.